Maji yakitoka Indian Arm, pwani inakaa kimya

Mimi ni mtu wa Chongoleani, Tanga. Kwa asiyepajua, ni rasi imechomoza baharini kaskazini mwa mji, mikoko huku maji huku, na mtoto wa pale anajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kabla hajajua kusoma saa. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu ndo chanzo cha yote yaliyonikuta, nilienda kwenye maji ya watu nikiwa na uhakika wa maji ya kwetu.

Sahivi naishi Kanada, mji wa Burnaby, umeshikana kabisa na jiji la Vancouver. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, zamu zangu nyingi ni za usiku. Mwaka wa kwanza bahari niliiona kwenye dirisha la treni tu, inapita, naenda kulala. Kuna siku nimetoka kazini asubuhi, mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa amefariki usiku ule mkono wake upo kwenye mkono wangu, nikajikuta sitaki kurudi chumbani, nataka kukaa mbele ya maji yaliyotulia, pasiwe na muziki wala watu wengi. Nikamuuliza dada mmoja wa jikoni akanambia nenda Deep Cove, chukua basi pale Phibbs Exchange, shuka mwisho wa safari, teremka na barabara mpaka iishie.

Barabara inaishia kwenye maji kweli. Ni kijiji kidogo, maduka machache, bustani yenye nyasi, halafu ghuba ndogo ambayo asubuhi ile ilikuwa kama kioo. Ukiangalia kaskazini unaona milima miwili imeachia nafasi katikati na bahari imeingia humo inaenda, inaenda, inapotelea kwenye ukungu. Hiyo ndo Indian Arm. Ni fiodi, urefu wake kama kilomita 20, na ajabu yake ni kwamba ipo mlangoni mwa jiji kubwa, basi moja tu na umefika, lakini ukiingia ndani kidogo hausikii gari hata moja. Nilikaa pale masaa matatu. Nililia, nikamaliza, nikanunua donati nikala. Toka siku hiyo nikawa naenda kila nikipata ofu.

Fiodi kwa macho inafanana na hori la kwetu, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na mwanzo nilikuwa naiita hivohivo kwenye simu na mama, "niko horini". Lakini zilivyozaliwa ni tofauti kabisa na hii tofauti ningeijua mapema ingeniokoa. Hori nyingi za kwetu ni mabonde ya mito, bahari ilipopanda ikayafunika, kwaiyo ni za kina kifupi, zina matope na mikoko, mvuvi anasukuma mtumbwi kwa upondo na upondo unagusa chini. Fiodi imechongwa na barafu. Zamani zile za barafu, mito ya barafu minene kuliko ukubwa wa mlima ilishuka taratibu kuelekea baharini ikawa inakwangua mwamba kama patasi, miaka elfu kwa elfu, halafu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita barafu ikayeyuka na bahari ikaingia kwenye lile shimo. Ndo maana kingo zake zimesimama kama ukuta. Indian Arm katikati ina kina cha zaidi ya mita 200, hatua chache toka ufukweni chini hupaoni tena. Na mlangoni kuna kina kifupi kama kizingiti cha nyumba, kwaiyo maji ya juu yanatoka na kuingia ila yale ya chini kabisa yanaweza kukaa muda mrefu bila kubadilishwa. Juu yake panaelea maji mepesi ya mvua na theluji yanayoshuka kwenye mito. Yaani ni kama bahari mbili zimelaliana.

Basi. Mwisho wa mwezi wa tano nikamshawishi mwenzangu wa kazini, Mama Neema, mama wa Bukavu, twende tukakodi kayaki, mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia. Yeye amekua kando ya ziwa Kivu, mimi nimekua na bahari, nani atatutisha. Yule kijana wa kukodisha alitukalisha chini kwanza. Akatufunga laifu jaketi mwenyewe, akavuta kila kamba, halafu akatufundisha hesabu ambayo watu wa Kanada wanafundishwa kuhusu maji baridi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Ukianguka, dakika moja ya kwanza pumzi inakuruka, unahema bila kutaka, kazi yako ni moja tu, tuliza pumzi usinywe maji. Ukishaituliza una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu inakutii, baada ya hapo vidole havishiki kitu hata kamba ya kuokolewa. Na una kama saa moja kabla baridi yenyewe haijakupotezea fahamu. Alisema wengi wanaokufa hawafi kwa baridi, wanazama mwanzoni kabisa kwa sababu hawakuvaa jaketi. Nilimsikiliza kwa heshima ila moyoni nilikuwa najibu kwamba mimi naogelea toka nina miaka mitano. Kuogelea kwenye maji ya vuguvugu ya Tanga hakuna uhusiano wowote na alichokuwa anakisema, na nataka kila mtu wa pwani anayekuja nchi hizi alisikie hili vizuri kabisa.

Akatuambia pia, rudini kabla ya saa nane mchana, upepo unaamka.

Tulitoka kama saa tano asubuhi. Jua zuri, milimani juu bado theluji, chini sili, mnyama wa bahari za baridi, anatoa kichwa anatuangalia na macho yake makubwa kisha anazama bila hata mlio. Maji yalikuwa yanatoka, niliona alama za unyevu kwenye mawe, na sisi tunaingia ndani. Kwetu ukiingia horini maji yanatoka utatoka jasho, mkondo unakurudisha. Pale tukawa tunateleza tu. Nikamwambia Mama Neema unaona mikono ya watu wa pwani hiyo. Hapo ndo nilipotakiwa kusimama nijiulize. Maana yake ilikuwa kwamba mkondo wa pale hauna nguvu, maji yanapanda na kushuka mita nyingi tu, hata kuzidi Tanga kwa siku kubwa, lakini shimo ni refu kiasi kwamba yote hayo yanapita taratibu bila kukusukuma. Mwenye nguvu pale ni upepo. Na upepo ulishaanza kuamka mgongoni mwetu, ukatupeleka.

Tulienda mpaka Twin Islands, visiwa viwili vidogo vyenye miti mpaka ukingoni, tukapumzika, tukala chapati. Kugeuza kurudi saa nane na nusu, aisee. Siku za jua kule bara linapata joto, hewa inapanda, upepo wa baharini unavutwa ndani ya ile fiodi kama kwenye bomba maana milima haimpi pa kutokea. Kwetu pia tunajua upepo wa bahari na umande, ule upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu, mwendo ni uleule, ila kwetu haujabanwa na milima. Mawimbi yakaja usoni, mafupi, yamekaribiana, kayaki inapanda inapiga. Tukapiga kasia nusu saa nzima nikiangalia mti mmoja kavu ufukweni kama alama yangu, na ule mti haukusogea. Mama Neema alikuwa mbele, kaloa mpaka kifuani, akasema bila kugeuka, "Dada, miye naogopa, tutoke ku mayi." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Na mimi badala ya kumsikia nikasema tusukume kidogo, tukipita ile kona patatulia. Sikuwa najua chochote kuhusu ile kona. Nilisema vile kwa sababu babu alikuwa anasema vile Tanga na kila mara inakuwa kweli, ila babu alikuwa anaijua kona yake.

Wimbi moja likatugeuza ubavu na likamwagika ndani. Hatukupinduka. Lakini yale maji yaliponijaa mapajani pumzi ilikata kweli, ile dakika ya kwanza aliyoisema yule kijana nikaionja hali nimekaa. Tukaacha ubishi, tukauachia upepo uturudishe visiwani.

Pale kwenye kisiwa walikuwepo wamama wawili wamepiga hema, watu wazima wenye mvi. Hawakutucheka wala kutuhoji. Walitupa soksi kavu, wakachemsha chai, mmoja akampigia simu kijana wa kukodisha kumwambia tuko salama. Akasema upepo huu unalala jua likishuka, subirini, kama saa mbili usiku maji yatakuwa sahani. (Mwezi wa tano kule saa mbili usiku bado kweupe, jua linazama baada ya saa tatu.) Kwaiyo tukawa na masaa mengi ya kukaa, na hayo masaa ndo yamenibadilisha kuliko ule woga.

Maji yalikuwa yametoka kabisa. Wakati wa kiangazi kule maji madogo kupita yote yanaangukia mchana, na kipindi cha baridi yanaangukia usiku wa manane. Na si kama kwetu ambapo kupwa mbili za siku zinalingana, pale moja inashuka sana na nyingine inashuka kidogo. Ufukwe ukawa wazi, mawe yamejaa chaza, kome weusi wamejibana, kiti cha pweza cha rangi ya zambarau, kile chenye umbo la nyota, kimekumbatia jiwe, na kwenye changarawe kombe, zile za magamba mawili, zinarusha maji juu, pss, pss. Mtu wa Chongoleani akisikia ile sauti mkono unaenda wenyewe. Nilishainama, nimeshaanza kufukua kwa kijiti, yule mama akaniita kwa upole, hapana, hapa haturuhusiwi, hakuna anayeokota.

Nikasimama nikaangalia ule ufukwe wote, mrefu, umejaa chakula, hamna mtu. Kwetu maji yakitoka ni kelele. Wamama wameshikilia ndoo, kanga zimefungwa juu ya magoti, watoto wanakimbia, huyu anachokoa pweza, yule anaokota tondo, mmoja kaanzisha wimbo, mwingine anamsema mume wake kwa sauti pwani nzima isikie. Sijawahi maishani kuona maji yametoka na pwani ikawa kimya. Miezi yote ile nilikuwa napenda ule ukimya, naufuata kwa basi, naona ndo utulivu wa mahali. Sikuwahi kuuliza watu wake wako wapi.

Wenyewe wapo. Wanaitwa Tsleil-Waututh, na jina lao linatafsiriwa watu wa hori. Niliposikia hivo nilinyamaza muda, maana na mimi ningejieleza kwa maneno hayohayo. Wamekaa kwenye maji haya maelfu ya miaka, magamba ya kombe walizokula wazee wao yamerundikana ardhini tabaka juu ya tabaka mpaka wachimbuaji wa mambo ya kale wanayasoma kama kitabu. Wana msemo kwamba maji yakitoka, meza imeshaandaliwa. Sisi tungesema chakula kimetengwa. Kisha mji ukaja, na viwanda, na maji taka, na mwaka 1972 kuokota kombe na chaza kwenye Burrard Inlet yote, ile ghuba kubwa ambayo Indian Arm ni mkono wake, kukafungwa kwa sababu ya uchafu. Kizazi kizima kikakua kinaiona meza na hakigusi. Wakapigania kusafisha, wakapima maji, wakapima kombe zenyewe, na mwaka 2016 wakavuna ndani ya Indian Arm kwa ruhusa, mara ya kwanza toka kufungwa. Zao moja, kwa ajili ya watu wao. Kwa mtu mwingine bado ni marufuku, na usije ukajidanganya kwamba utachemsha sana, maana kuna sumu nyingine ya vijimea vidogo sana vya baharini inayoingia kwenye kombe pwani hizo na haifi kwa moto, inapoozesha misuli mpaka ya kupumulia.

Tulirudi kama yule mama alivyosema. Saa mbili na robo maji yakalala. Tulipiga kasia bila kuongea, na nilimwomba radhi Mama Neema mara mbili, ya kwanza hakunijibu, ya pili akasema, "Siku ingine nikisema naogopa, unisikie." Nimeishika hiyo. Hata kazini sahivi mzee akinambia anaogopa kuoga leo, simwambii twende kidogo tu, nakaa kwanza.

Baada ya hapo nikaanza kwenda mlangoni mwa ile fiodi, kwenye bustani inaitwa Cates Park, ila jina lake la asili ni Whey-ah-Wichen, maana yake panapokabili upepo. Yaani ningejua lugha ya wenyeji jina peke yake lingetosha kunionya. Ukikaa pale ukaangalia ng'ambo, unaiona Burnaby, mji ninaoishi mimi, na kwenye maji upande ule kuna gati la meli za mafuta. Ndipo linapoishia bomba la mafuta la Trans Mountain linalotoka jimbo la Alberta, lipo toka 1953, na la pili lililopanuliwa likaanza kazi mwezi wa tano 2024, uwezo wake wote sahivi ni mapipa 890,000 kwa siku. Watu wa Tsleil-Waututh walilipinga lile la pili mahakamani, mwaka 2018 mahakama ikafuta kibali, mwaka uliofuata serikali ikaidhinisha tena.

Mtu wa Chongoleani akiiona ile hali anabaki kimya. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia kwetu. Kwenye ile rasi niliyoitaja mwanzo. Nimevuka nusu ya dunia nikakaa kwenye benchi, naangalia mwisho wa bomba na maji ya watu wanaojiita watu wa hori, na nyuma yangu kuna pwani yenye kombe zisizookotwa.

Simo humu kubishana kuhusu mafuta, kila mtu ana hesabu zake na nyumbani wapo waliopata kazi. Mimi kilichonishika ni kitu kimoja walichofanya wale watu kabla hata ya mahakama. Waliandika. Wanajua mwambao wao ulilisha nini, wapi, mwezi gani, kwa majina yao, na mwaka 2015 wakatoa tathmini yao wenyewe kuhusu lile bomba, ya kurasa nyingi, imechanganya maneno ya wazee na vipimo vya wanasayansi. Mtu hawezi kuwaambia hapa hapakuwa na kitu. Nikajiuliza sisi Chongoleani tuna nini kilichoandikwa? Majina ya vitu vya pwani anayajua mama, anayajua shangazi, basi. Mimi mwenyewe nimeshasahau mengi, nasema "kombe" kwa kila chenye magamba mawili, bibi angenisikitikia.

Nikampigia mama. Nikamwomba siku ya bamvua akienda pwani achukue simu, aseme tu, jina la kila anachookota, kilipo, kipindi gani kinanenepa, kinapikwaje. Akaona kazi ya ajabu. "Mwanangu, huko ulikoenda hakuna vitu vya kukufanya uwe bize mpaka utake kome?" Lakini alifanya. Anatuma kwa WhatsApp, vipande vya dakika tatu nne, upepo mwingi, na mimi nikitoka zamu naandika kwenye daftari, nakuja nalo Deep Cove. Mpaka sasa tumefika majina 41, mengine ni ya kwetu tu, ukiuliza hata Pangani hawayajui.

Cha mwisho nilikisikiliza wiki iliyopita, gatini pale Deep Cove, mvua nyepesi, maji ya Indian Arm yametulia, hakuna mtu. Mama anasema, haya, hapa kwenye mwamba chini ya mkoko mkubwa, hiki tunakiita... halafu ananyamaza. Nasikia maji, nasikia ndoo inagonga jiwe, nasikia watoto mbali kule. Kisha anapaza sauti kumwita mwenzake, "Eti shoga, kile cha mistari, mama zetu walikuwa wanakiitaje?"